Kazi ya Sikio

Niwaeleze jambo lililotokea kwetu mwaka huu baada ya mavuno. Lilianza kama shauri la mtoto wa ndugu yangu, likaishia kuwa shauri langu mwenyewe.

Kaka yangu mkubwa ana binti aliyemaliza kidato cha nne. Jioni moja walikuja wote wawili nyumbani kwangu, wakaketi, chai ikaletwa, na baada ya habari za mashamba na za wagonjwa kaka akasema: "Mdogo wangu, wewe ulisoma chuo cha ualimu, na kazi yako hapo parokiani ni karatasi na kalamu. Mwambie mtoto huyu. Mimi nataka akasome uuguzi, naye asema ataka kuwa mtangazaji wa muziki katika redio na televisheni. Je, hiyo nayo ni kazi? Kukaa kitako, kupiga domo, na kuwawekea watu nyimbo walizotunga wengine?"

Binti akainama. Hakumjibu baba yake, maana amelelewa vema, lakini akanitazama mimi, akasema polepole: "Baba mdogo, mimi sitaki kupiga domo. Nataka kuujua muziki na kuwaeleza watu."

Niliwaomba wanipe muda. Nikamwambia kaka amruhusu binti aje ofisini alasiri, anisaidie kunakili vitabu vya zamani ambavyo panya wamekwisha kuvionja pembeni, na huku tukinakili nitamsimulia habari za mtu mmoja aliyeifanya kazi hiyo mpaka akafa nayo. Akiisha kusikia, achague mwenyewe. Kaka akakubali, ingawa aliondoka akitikisa kichwa.

Mtu huyo ni John Peel, Mwingereza. Habari zake nilizipata chuoni. Mkufunzi wetu wa muziki aliwahi kukaa Uingereza miaka miwili ya masomo katika miaka ya 1980, na alituambia kuwa usiku, katika chumba chenye baridi, sauti ya mtu huyo redioni ndiyo iliyomwondolea upweke. Alinikopesha kitabu cha maisha yake, alichokianza Peel mwenyewe, kisha mkewe akakimaliza alipokufa, kikatolewa mwaka 2005. Basi niliyomsimulia binti ndiyo haya.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa John Robert Parker Ravenscroft. Alizaliwa tarehe 30 Agosti 1939 katika mji wa Heswall, karibu na Liverpool. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa pamba. Hapo binti alicheka, maana sisi watu wa Usukumani twaijua pamba kwa jasho la mgongo. Vita Kuu ya Pili ilianza siku chache tu baada ya kuzaliwa kwake, baba akaenda vitani, na mtoto alikuwa na umri wa kama miaka sita alipoanza kumjua baba yake. Alipelekwa shule ya bweni. Hakuwa mwanafunzi wa kusifiwa. Alichokipenda ni redio na sahani za santuri.

Mwaka 1960 alivuka bahari kwenda Marekani, akafanya kazi Texas kwa mtu wa pamba aliyekuwa akifanya biashara na baba yake. Kisha akauza bima. Novemba 1963, Rais Kennedy alipouawa mjini Dallas, kijana huyu aliingia katika makao ya polisi kwa kudai kuwa ni mwandishi wa gazeti la Liverpool Echo. Akasimama kati ya waandishi wa kweli wakati Lee Harvey Oswald alipoonyeshwa kwao, na baadaye akalipigia simu gazeti lenyewe kulipa habari. Ndiyo kusema uandishi wake aliuanza kwa uongo. Kaka angekuwapo pale, angesema, "Sikuwaambieni?"

Mwaka uliofuata, 1964, Marekani nzima ilishikwa na wazimu wa Beatles, vijana wanne wa Liverpool. Wenye redio ya KLIF mjini Dallas walimsikia Ravenscroft akisema kwa lafudhi ya upande ule, wakamweka mbele ya kipaza sauti azungumze habari za Beatles kama kwamba amekua nao mlango kwa mlango. Kutoka hapo akapata kazi Oklahoma City katika redio ya KOMA, kisha California katika redio ya KMEN. Ujuzi wa kazi aliupata hivyo, kwa kuifanya.

Jambo moja sikulificha. Huko Texas, mwaka 1965, alioa binti wa miaka 15, naye mwenyewe ana 26. Baadaye alisema kuwa hakuambiwa umri wa kweli. Ndoa ile ilikwisha mwaka 1973. Nilimweleza binti wa kaka jambo hili kwa kuwa yeye naye ni binti, na kwa kuwa katika kazi za redio na muziki watu wenye jina husamehewa mambo ambayo mtu wa kawaida hasamehewi. Nikamwambia: "Kwa mtu huyu jifunze kusikiliza. Si lazima uyachukue yote." Akaitikia, wala hakusema neno, lakini niliona ameliweka.

Mapema mwaka 1967 alirudi Uingereza. Wakati ule BBC peke yake ndiyo iliyokuwa na ruhusa ya kutangaza redioni nchini humo, na vijana waliona muziki wao wanaupata kwa kijiko. Basi watu wenye fedha walitia meli nanga baharini, nje ya mpaka wa sheria, wakatangaza kutoka huko. Mojawapo ilikuwa Radio London, na hapo ndipo Ravenscroft alipopewa jina la Peel. Alipewa zamu ya usiku wa manane hata saa nane. Akagundua kuwa saa hizo wakubwa wake wamelala, hawasikilizi. Akaacha matangazo ya biashara, akaacha habari za hali ya hewa, akapiga muziki alioupenda mwenyewe na kusoma barua za wasikilizaji. Barua zikamiminika.

Haikudumu. Sheria mpya ilizipiga marufuku redio za melini, na Radio London ikanyamaza tarehe 14 Agosti 1967. BBC nayo, ilipoona vijana wanataka nini, ikafungua Radio 1 tarehe 30 Septemba mwaka ule ule, ikaajiri wengi waliotoka melini. Peel alikuwa mmoja wao. Hakuna aliyedhani atakaa. Alikaa miaka 37, na mwisho ni yeye peke yake aliyebaki kati ya watangazaji wale wa kwanza.

Hapo binti akauliza swali zuri: "Alifanya nini cha zaidi, baba mdogo? Wote si walikuwa wakipiga sahani?"

Nikamwambia kuwa palikuwa na mapatano kati ya BBC, wenye kampuni za sahani na chama cha wanamuziki. Wanamuziki waliogopa kuwa sahani zikipigwa mchana kutwa wao watakosa kazi, kwa hiyo saa za kupiga sahani zilihesabiwa kama posho ya askari. Saa zilizobaki zilipaswa kujazwa na watu wanaopiga vyombo wenyewe. Watangazaji wengine waliiona sheria hiyo kuwa mzigo. Peel na wasaidizi wake waliifanya mlango. Waliwaita vijana wasiojulikana, wakawapa siku moja katika studio za BBC za Maida Vale mjini London, mara nyingi wakarekodi nyimbo nne, wakalipwa ujira wao, na nyimbo zile zikatangazwa nchi nzima. Kwa miaka yake yote palirekodiwa mikutano ya namna hiyo zaidi ya 4,000, ya wanamuziki zaidi ya 2,000. Kundi moja liitwalo The Fall, alilolipenda kuliko yote, lilirekodi mara 24.

Tena hakuogopa kuwaudhi wasikilizaji wake. Mwaka 1976 alianza kupiga muziki mpya wa fujo wa vijana, ule ulioitwa panki, wenye nyimbo fupi na magitaa yanayokwaruza. Wasikilizaji wa zamani, waliomzoea kwa nyimbo ndefu za upole, wakamwandikia kulalamika. Aliendelea. Wa zamani wengine wakaondoka, vijana wakaingia mahali pao. Mwaka 1978 alipata sahani ndogo ya vijana wa mji wa Derry, Ireland ya Kaskazini, kundi la The Undertones, wimbo wao ukiitwa "Teenage Kicks". Alipoupiga redioni uliisha, akaupiga tena pale pale. Aliupenda wimbo ule hata maneno yake machache yamechongwa katika jiwe la kaburi lake.

Binti akataka kujua habari za televisheni, maana vijana wa leo hupenda kuonekana. Nikamweleza kuwa huko Peel hakung'aa upesi. BBC ilikuwa na kipindi kikubwa cha muziki kiitwacho Top of the Pops, kikitazamwa na mamilioni. Walimjaribu mwaka 1968, lakini hakurudi kuwa mtangazaji wa kawaida hata miaka ya 1980. Mwaka 1971 alionekana humo kwa kichekesho: Rod Stewart na wenzake walipoimba "Maggie May", Peel alikaa kati yao na mandolini mikononi, akijifanya anapiga, naye hajui kupiga mandolini. Alipopewa utangazaji wenyewe katika miaka ya 1980, aliufanya kwa uso mkavu na mzaha, kama mjomba aliyeombwa kusimamia arusi asiyoielewa. Watu wakampenda kwa hilo hilo. Lakini nyumba yake ilikuwa redio. Aliandika pia magazetini, katika Disc and Music Echo, katika Sounds, na baadaye katika The Observer.

Hakuwa fundi wa mitambo. Mara nyingi aliipiga sahani kwa mwendo usiokuwa wake. Mwaka 1983 kijana mwimbaji, Billy Bragg, alisikia Peel akisema redioni kuwa ana njaa. Akakimbilia BBC na biriani ya uyoga. Peel akala, akapiga wimbo mmoja katika sahani ya kijana, lakini kwa mwendo wa polepole usio sahihi. Akasema kuwa hata bila biriani angeupiga. Binti alicheka mpaka kalamu ikamwanguka.

Wala hakufunga mlango kwa watu wa mbali. Katika miaka ya 1980 alizipiga sana sahani za Bhundu Boys wa Zimbabwe, na vijana wa Uingereza wasiojua neno la Kishona wakayapenda magitaa ya Harare. Kundi jingine la Zimbabwe, Four Brothers, lilirekodi kwa ajili ya kipindi chake, na alipotimiza miaka 50 mwaka 1989 ndilo lililopiga katika sherehe yake. Mkufunzi wetu alisema kuwa alipowasikia Waafrika wakipigwa usiku katika redio ya Waingereza, bila ya mtangazaji kuwaonea huruma wala kuwafanya maonyesho, aliona fahari.

Sasa nieleze jambo lililonigusa mimi kama karani. Nyumbani kwake, katika kijiji cha Great Finborough wilayani Suffolk, Peel alikuwa na sahani ndefu zaidi ya 25,000, na ndogo maelfu kwa maelfu. Aliziandikia kadi kwa taipureta, kila sahani na namba yake na nyimbo zake, akazipanga katika masanduku. Nilimwambia binti kwa fahari: "Unaona? Hata huyu alikuwa karani." Naye akatazama vitabu vyetu vilivyoliwa na panya, akanyamaza kwa adabu.

Zaidi ya sahani, watu walimpelekea kanda. Kila kijana aliyerekodi chochote chumbani kwake alimpelekea Peel. Zilikuja nyingi hata hakuzimaliza, naye alizisikiliza garini njiani kati ya Suffolk na London, akisumbuka moyoni kuwa pengine katika ile asiyoifungua ndimo lilimo jambo jipya analolingoja. Mwaka 1981 alikwenda Sheffield kupiga sahani kwa wanafunzi. Kijana wa shule, Jarvis Cocker, akamsogelea, akamtia mkononi kanda ya kundi lake liitwalo Pulp. Peel akasema ataisikiliza njiani akirudi. Novemba mwaka ule ule vijana wale, wengine bado ni wanafunzi, walikuwa Maida Vale wakirekodi.

"Wakatajirika?" binti akauliza.

"Hapana. Walikaa miaka 12 kabla ya kuitwa kwake mara ya pili, mwaka 1993. Katika miaka hiyo walihangaika. Mwaka 1995 ndipo wimbo wao 'Common People' ulipofika nafasi ya pili katika nchi nzima. Lakini kijana yule ajua kuwa kanda yake ilisikilizwa."

Wasomaji wangu, hapo ndipo aliponikamata. Binti alikuwa akitafuta rula, akavuta mtoto wa chini wa meza yangu. Humo mlikuwa na bahasha kuukuu, na ndani yake flashi kumi na moja na sahani mbili za kompyuta, nyingine zimefungwa kwa karatasi yenye jina. Akauliza, "Baba mdogo, hizi ni za nani?"

Ni lazima nieleze. Siku za Jumapili redio moja ya huku kwetu hupiga nyimbo za kwaya na za waimbaji wa vijijini. Watu wa vigango huniletea mimi nyimbo zao, nami nilipewa kazi ya kuzisikiliza, kuandika majina na kuzipeleka. Kwaya kubwa za mjini nilizipeleka upesi, maana zilikuja na barua yenye muhuri, na viongozi wao walikuwa na simu yangu. Hizi nyingine nilisema nitazisikiliza nikipata nafasi.

"Umezisikiliza?" binti akauliza.

Nikasema, "Bado."

Hakunisuta. Ni mtoto, tena ni mtoto wa kaka yangu. Alizipanga tu juu ya meza, moja moja, akasoma majina na tarehe. Ya zamani kupita zote ilikuwa na miaka miwili na miezi minne. Ilikuwa imefungwa kwa plastiki ya mfuko wa sukari.

Ile niliikumbuka. Aliileta kijana wa kigango cha ng'ambo ya mto, wakati wa masika, amelowa hata viatu vyatoa maji, lakini flashi kavu. Alirudi mara mbili kuuliza. Mara zote mbili nilimjibu, "Naishughulikia." Mara ya tatu hakuja, nami, nawaambieni kweli, niliona nafuu.

Tulikaa alasiri tatu na kompyuta ya ofisini tukisikiliza zote. Sitasema zilikuwa dhahabu. Nyingi zilikuwa na upepo kuliko sauti. Moja ilirekodiwa karibu na mashine ya kusaga. Mbili zilikuwa nyimbo za watu wengine zilizobadilishwa maneno. Binti aliandika kila moja katika daftari: jina, kijiji, vyombo, kilicho kizuri, kilichokosewa. Niligundua kuwa ana sikio. Alisikia ngoma iliyolegea mahali ambapo mimi sikusikia kitu.

Ile ya kijana wa ng'ambo ya mto tuliifungua mwisho. Walikuwa watu kama saba, ngoma moja, na zeze. Wimbo ulikuwa wa shukrani kwa mama anayepalilia kabla ya mapambazuko. Mwanamume alianza peke yake, na tulipodhani ataendelea, wanawake wakamjibu kutoka mbali, kama walio ng'ambo ya shamba, wakasogea sauti baada ya sauti mpaka wakajaa. Binti aliirudisha nyuma kabla haijaisha. Tukaisikiliza mara ya pili, na ya tatu, wala hatukusema neno.

Jumamosi nilipanda pikipiki nikavuka mto. Kijana hayupo, amekwenda Geita machimboni, mwaka wa pili sasa. Kundi limetawanyika. Mama yake alinipa kiti na maziwa ya mgando, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema bila ya hasira: "Mwanangu alisema karani aliusikia wimbo, akaona haufai. Alisema, kama karani aliyesoma hakuona kitu, basi mimi niache."

Wasomaji, mimi sikuwahi kusema kuwa haufai. Sikusema lolote. Lakini yule aliyesimama mvuani aliuhesabu ukimya wangu kuwa hukumu, na angeuhesabu nini kingine? Wazee husema sikio halilali njaa. La kwangu lilishiba barua zenye muhuri, halikutaka zaidi.

Alinipa namba ya simu, nikampigia kijana jioni ile. Nilimweleza kuwa wimbo ulikaa mezani kwangu bila kusikilizwa, kosa ni langu, na kwamba sasa nimeusikia na nimeupeleka. Alinyamaza muda mrefu, nikasikia mashine zikivuma nyuma yake. Kisha akauliza jambo moja tu: "Pale wanawake wanapoingia, uliisikia ile sauti ya chini?" Nikamwambia niliisikia. Akasema, "Ni shangazi yangu. Alifariki mwaka jana." Simu ikakatika kwa sababu ya mtandao, au aliikata yeye, sikumwuliza.

Sijui kama ataimba tena. Wimbo wake ulipigwa Jumapili mbili baadaye, na mama yake aliusikia kwa redio ya jirani.

Nimalizie habari za Peel, kwa kuwa nilimmalizia binti pia. Tangu mwaka 1998 alikuwa na kipindi kingine, Home Truths, cha Jumamosi asubuhi, ambamo watu wa kawaida walisimulia mambo ya nyumbani mwao: watoto, wagonjwa, misiba, vichekesho. Wengi walishangaa kuwa mtu wa muziki wa fujo aweza kuzungumza na bibi wa miaka 80 juu ya paka wake. Mimi sishangai. Ilikuwa kazi ile ile. Alifariki ghafla kwa ugonjwa wa moyo mjini Cusco, Peru, tarehe 25 Oktoba 2004, akiwa na miaka 65. Watu zaidi ya elfu walihudhuria mazishi yake huko Bury St Edmunds, na kati yao walikuwamo wanamuziki wengi aliowapiga redioni.

Kaka alipokuja kuchukua jibu, nilimwambia: "Kaka, umeniuliza kama ni kazi. Ni kazi, tena ngumu. Domo ni sehemu ndogo. Sehemu kubwa ni kuketi na kusikiliza mambo mengi yasiyofaa, kwa uaminifu, ili lile moja lisipotee. Na kumjibu kila aliyeleta, hata kama jibu ni hapana. Mimi nilipewa kipande kidogo cha kazi hiyo, nikashindwa. Mwanao ameifanya alasiri tatu, akaiweza."

Nikampa lile daftari. Alilisoma ukurasa kwa ukurasa, kidole kikifuata mistari. Alipofika mahali palipoandikwa kuwa ngoma imelegea, akamtazama binti, akasema, "Hata mimi ningesikia hilo." Binti akatabasamu. Kuhusu ada ya chuo, kaka amesema tutaona baada ya kuuza pamba.

Nami sasa kila Ijumaa saa tisa nafunga mlango wa ofisi, nasikiliza nilicholetewa juma lile. Nikiisha, nampigia kila mtu simu. Wengine nawaambia warekodi mbali na mashine ya kusaga. Mtoto wa chini wa meza sasa hukaa rula na wino.